Bwana Mkupuo, Bi Kidogokidogo na Moshi wa Jirani

Usiku wa kuamkia leo niliota jiko la gesi limenigonga begani na kuniambia nivae, tunachelewa.

Jiko lenyewe ni langu. Ni lile la maonyesho, linalokaa sebuleni juu ya kimeza, ambalo kina mama wa mtaa wetu wa Bombambili, hapa Songea, huja kulitazama likichemsha chai. Nauza majiko ya gesi na mitungi yake nikiwa nyumbani. Sina duka, sina bango. Nina sebule, birika na mdomo, na mpaka sasa mdomo ndio umeuza zaidi.

Leo saa nne asubuhi Bwana Haule wa kampuni anakuja kuchukua jibu langu. Kampuni imesema kila muuzaji achague namna moja ya kulipwa, na ukichagua umechagua. Ama upewe kamisheni nono ya mara moja kwa kila jiko ulilouza, na kuanzia hapo mteja huyo hakuhusu tena. Ama siku ya kuuza usipewe kitu, ila kila mteja anapokwenda kujaza mtungi wake wewe unakatiwa chako kidogo, mwezi huu na mwezi ujao, mpaka siku atakapoacha kupikia gesi. Mume wangu, Baba Otilia, alishachagua zamani. Anataka ile ya mara moja tuezeke vyumba vya uani, na kila jioni anavitazama vile vyumba kama mtu anayetazama chakula kisichoiva.

Mimi nami nilikuwa naelekea hukohuko, lakini kwa sababu nyingine, na sababu yenyewe ni Bibi Emerensiana.

Huyu ni jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta wa uani tu. Ndiye mteja wangu wa kwanza. Kifua chake kiliharibiwa na moshi wa kuni na mkaa wa maisha yake yote, na siku aliponunua jiko nilimwahidi kwa mdomo wangu huu kwamba hatakohoa tena. Kweli, akanyamaza. Halafu tangu Pasaka kikohozi kimerudi, tena kikubwa kuliko mwanzo, na harufu ya mkaa inaruka ukuta inaingia mpaka kwenye nguo zangu za kanisani. Hakuniambia neno. Mtu ninayemwita bibi, ninayemwamkia kila asubuhi, anarudi kwenye mkaa kimyakimya! Iliniuma sana. Nikaacha kumwamkia. Nikajisemea, nikishachukua changu mara moja, apikie gesi, apikie magunzi, shauri yake.

Basi jiko liliponigonga begani, sikushangaa. Niliuliza tu tunakwenda wapi.

"Kikaoni," likasema. "Na tafadhali usinivue kitambaa."

Nilikuwa nimelivika kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mikono yangu, chenye maua pembeni. Huwa nalivika kila wageni wanapoaga, lisishike vumbi.

"Mbona unakishikilia hivyo?" nikauliza.

"Nina aibu," likasema, likashuka kwenye kimeza kwa miguu yake minne mifupi, likatangulia.

Nafungua mlango wa sebule. Badala ya veranda yetu kuna ghala la mahindi, magunia yamepangwa mpaka darini, na katikati kuna mizani ile ya kupimia mahindi ya kuuza. Juu ya mizani ameketi mwanamume mnene aliyevaa suti ya bati jipya. Akivuta pumzi, anapiga kelele kama paa wakati wa mvua ya mawe.

"Huyu ni Bwana Mkupuo," jiko likaninong'oneza.

Bwana Mkupuo akanipa mkono. "Shikamoo marahaba hujambo sijambo karibu kiti asante pole na safari hongera kwa kujifungua rambirambi zangu kwaheri ya kuonana," akasema.

"Sijajifungua," nikamwambia.

"Siku ukijifungua, hongera umeshapata. Mimi huwa sirudi."

"Na rambirambi ni za nani?"

"Za wote. Nimemaliza."

Nilimshukuru, maana si adabu kupokea rambirambi ukakaa kimya. Kisha nikaona kwamba pembeni, juu ya debe lililopinduliwa, ameketi mwanamke mfupi, kimo chake hakizidi birika. Nguo zake zilikuwa zinadondoka maji, tone moja moja. Huyo alikuwa Bi Kidogokidogo. Alinitazama kwa upole, akafungua kinywa.

"Mama," akasema.

Nikangoja aendelee. Mwezi ukapita. Mahindi yaliyokuwa juu ya magunia yakaota majani. Nywele zangu zilizosukwa juzi zikafumuka.

"Otilia," akasema.

Mwezi mwingine ukapita. Nikaanza kusikia njaa, lakini si sana.

"Habari," akasema.

"Huyu ndivyo alivyo," jiko likaniambia. "Akianza hamalizi."

"Ndio uzuri wake," ikasema mizani.

"Ndio ubaya wake," ikasema mizani hiyohiyo, kwa upande wa pili.

Mimi nina mambo mengi. Nilikuwa nimeacha maharage motoni, na ghala lile halikuwa na hata dirisha la kuchungulia kama yameungua. Nikasema kwa sauti kwamba sina nafasi ya kungojea salamu ya mwaka mzima, nachagua mkupuo. Bwana Mkupuo hakuuliza mara mbili. Akafungua vifungo, akavua koti lake la bati, akanifunika nalo kichwani, na mizani ikapiga kengele.

Nilipolitoa lile koti kichwani, nipo uani kwetu. Vyumba vyote vimeezekwa. Jua linawaka juu ya bati mpaka nafumba macho. Nimefurahi, sitasema uongo, nimefurahi mpaka nimepiga kigelegele.

Baba Otilia ameketi chini ya paa jipya anakula ugali. Mbele yake kuna ugali mwingine, na nyuma ya huo mwingine, mpaka kwenye geti.

"Kaa, Mama Otilia," ananiambia. "Nimefika Agosti."

"Agosti gani?"

"Ya mwaka huu. Kuna dagaa. Ukinisaidia Septemba na Oktoba tutawahi Krismasi kabla ya jioni."

"Kwa nini usile wa leo tu?"

Ananishangaa. "Umelipwa kwa mkupuo. Unataka nile kidogokidogo, nipate wapi tena?" Anakata tonge la Agosti, anachovya.

Binti yetu Otilia anatoka ndani. Amevaa sare ya kidato cha pili, na juu yake ya cha tatu, na juu yake ya cha nne, na juu ya zote gauni la harusi. Hawezi kukunja mikono. Ananiomba nimkune pua. Namkuna, naye anasema asante ya leo na ya siku zote, kisha anarudi ndani kwa upande upande kwa sababu mlango haumtoshi.

Nikaona ni vizuri niwaite majirani waje waone bati, maana bati bila majirani ni joto tu. Nikatoka na jiko langu likinifuata nyuma, kitambaa kikiburuta vumbi.

Nyumba ya kwanza ni ya Mama Mapunda, mteja wangu, mtu wa kucheka ovyo. Nilipofika sikuona mlango. Mahali pa mlango palikuwa na ukuta uliopigwa plasta vizuri, umepakwa na rangi.

"Hodi!"

"Karibu, pita ndani!" sauti yake ikajibu.

"Napitia wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango haupo."

"Huku kwetu upo, Mama Otilia. Labda ni huko kwako." Nikamsikia anacheka, anamwambia mtu ndani aniongezee kikombe cha chai.

Nikaenda nyumba ya pili, ya tatu, mtaa mzima, kila aliyenunua jiko kwangu. Wote waliniitikia karibu. Wote walikuwa na ukuta. Kwa mwalimu Nchimbi nilipapasa plasta kutoka pembe hadi pembe, nikaambulia chokaa viganjani.

"Hii ni nini?" nikaliuliza jiko.

"Umeshalipwa," likasema. "Hawakuhusu tena. Ndivyo ulivyoambiwa, nawe ukaitikia."

"Nilidhani ni maneno ya kazi tu."

"Maneno ya kazi ndiyo hayo."

Wa mwisho alikuwa Bibi Emerensiana. Kwake hata madirisha hayakuwepo. Ilikuwa kuta tupu pande zote, na moshi ukivuja kwenye nyufa za juu. Ndani alikuwa anakohoa. Nikaweka kiganja ukutani, ukuta ulikuwa na joto, na kila alipokohoa niliusikia ukitikisika. Nikaita, "Bibi! Shikamoo, Bibi!" Sikuitikiwa. Nikaita tena mpaka koo likakauka. Hapo ndipo nilipoogopa. Hasira zangu zote za tangu Pasaka ziliyeyuka palepale, nikabaki mtu anayelia mbele ya ukuta.

"Nirudishe kwa yule mtu," nikaliambia jiko. "Namrudishia bati lake."

"Bwana Mkupuo? Alisema harudi. Hata kwaheri alishakuaga."

"Sasa nifanyeje?"

Jiko likafikiri. Kila likifikiri, plate zake za kupikia zinatoa sauti ndogo, tik, tik, tik, kama linajaribu kuwaka. "Bi Kidogokidogo hajamaliza salamu," likasema mwishowe. "Maadamu salamu haijaisha, kikao hakijafungwa."

Nikageuka, na nilikuwa tayari nimerudi ghalani. Bwana Mkupuo hakuwepo. Mizani ilikuwa imeachwa inapima hewa. Bi Kidogokidogo alikuwa palepale juu ya debe lake, akinitazama kwa upole uleule. Chini yake palikuwa na kidimbwi cha maji ambacho mwanzo hakikuwepo, na ndani ya kidimbwi watoto wa bata walikuwa wanaogelea.

"Za," akasema.

Nikakaa chini. Safari hii nilingoja kwa adabu, mikono magotini. Mwezi ukapita. Bata wakakua.

"Asubuhi," akamaliza.

"Nzuri sana, mama yangu," nikamjibu, na machozi yalinitoka, maana hakuna mtu aliyewahi kunisalimia kwa muda mrefu hivyo. "Na wewe umeamkaje?"

Alinyoosha kidole kuonyesha upande wa magunia. Lakini magunia hayakuwepo tena. Palikuwa na benchi refu, kama lile la kungojea daktari zahanati, na kwenye benchi imeketi mioto. Ni mioto ya gesi, ya bluu, kimo cha mtoto wa chekechea, imepangana kwa foleni na kila mmoja umeshika kijiko.

"Ni wateja wako," jiko likasema. "Waamkie."

Nikapita mmoja mmoja. Moto wa Mama Mapunda ulikuwa unacheka ovyo, unayumba huku na huku. Ulininyooshea kijiko. Ndani yake mlikuwa na mchuzi wa maharage yenye nazi.

"Hicho ndicho chako cha mwezi huu," ukasema.

"Kijiko kimoja?"

"Mwezi ujao kuna kingine. Tunapika kila siku, tutakosaje kukutolea?"

Nikanywa. Yalikuwa maharage mazuri, yamekosa chumvi kidogo tu. Moto wa pili ulinipa chai ya tangawizi. Wa tatu ulinipa mboga ya maboga, ukaniomba radhi kwamba mwezi huu mama mwenye nyumba alisafiri, ndiyo maana ni kidogo. Mwingine ulinipa uji wa mtoto mchanga, nikauliza mtoto wa nani, nikaambiwa wa binti wa fundi cherehani, amejifungua wiki iliyopita. Nilikuwa sijui. Nikaikumbuka ile "hongera kwa kujifungua", nikaona kumbe ilikuwa na mwenyewe. Nikaanza kuelewa kwamba vijiko vile havishibishi, lakini kila kijiko kina habari ya nyumba ilikotoka.

Moto wa mwalimu Nchimbi haukuwa na kijiko. Ulikuwa msafi kuliko yote, umenyooka, haujawahi kuyumba.

"Chako kiko wapi?" nikauliza.

"Sijawahi kuwashwa," ukasema kwa majivuno. "Nimewekwa sebuleni karibu na televisheni, nimevikwa kitambaa. Wageni wote wananisifu. Wanapikia mkaa uani ili nisichafuke."

"Nani aliwaambia jiko linavikwa kitambaa?"

"Walikuona wewe ukilivika lako."

Nikageuka taratibu kulitazama jiko langu. Lilikuwa limeinamisha kichwa.

"Nilikwambia nina aibu," likasema.

Nikakivuta kile kitambaa. Jiko likajikunyata, kisha likajinyoosha, likaonekana limepata nafuu, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Nikakikunja kitambaa nikakitia kwapani.

Mwisho wa benchi palikuwa na nafasi ya mwisho. Hapakuwa na moto hapo. Palikuwa na moshi, wa kijivu, umekunja miguu, umejifunga kanga, unakohoa ndani ya kiganja.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni moshi wa Bibi Emerensiana. Namshikia nafasi."

"Yeye anakuja lini?"

"Akiendewa," moshi ukasema, ukanyanyuka. "Njoo. Lakini tembea taratibu, mimi kifua kinanibana."

Nikaufuata. Tulipita chini ya benchi, tukaingia kwenye bomba la kunawia mikono, tukatokea upande wa pili kwenye karo la Bibi Emerensiana, pale anapooshea vyombo chini ya migomba yake. Sikuona ukuta hata mmoja. Bibi alikuwa amepiga magoti, ana steel wool mkono mmoja na majivu mkono wa pili, anasugua kitu kwa nguvu zake zote.

Inabidi mmfahamu Bibi Emerensiana na vyombo. Sufuria zake huanikwa juani ukadhani zimetoka dukani. Kwake sufuria yenye doa jeusi ni sawa na mtu kwenda misani bila viatu. Akikuazima sufuria ukairudisha imeshika masizi nyuma, ataipokea, atakushukuru, na hatakuazima tena.

Sasa nikasogea nikaona anachosugua. Ni mtungi wa gesi.

"Nisaidie," mtungi ukaniambia kwa sauti ndogo. "Nimesuguliwa."

Ulikuwa unameta. Rangi yake yote imetoka, jina la kampuni limetoka, maandishi ya hatari yametoka. Unaweza kujitazama ndani yake ukatengeneza kilemba.

"Alianza Jumamosi Kuu," mtungi ukaendelea. "Alisema Pasaka haiwezi kumkuta na mtungi mchafu jikoni. Akanisugua mwili, akanisugua shingo, akanisugua na mdomo ndani. Kile kimpira changu cheusi cha duara kikang'oka, kikaenda na maji machafu. Bila kimpira gesi inavuja. Akasikia harufu, akaogopa, akanifunga. Hajaniwasha tangu siku hiyo."

"Bibi," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Hakuacha kusugua. "Subiri nimalize hapa chini, kuna doa."

"Hilo siyo doa, Bibi, ni chuma chenyewe."

"Basi chuma kina doa."

Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono. Ilikuwa ya baridi na imejaa majivu. "Kwa nini hukuniambia?"

Hapo akaacha. Akanitazama. "Nikuambie nini, Mama Otilia? Nikuambie nimeharibu kitu ulichoniletea kwa mikono yako? Ulinifundisha kila kitu, kuwasha, kuzima, kufunga. Hukuniambia kwamba mtungi hausuguliwi. Nikaona ningekuwa kichekesho cha mtaa mzima, bibi kizee kasugua mtungi."

"Nisingecheka."

"Ungecheka."

Nikafikiri. "Ningecheka kidogo," nikakubali. "Halafu ningekutafutia kimpira."

"Nilipojikaza nikuambie, ulikuwa umeacha kuniamkia. Nikakungoja asubuhi, hukuja. Kesho yake hukuja." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono, majivu yakambakia shavuni. "Nikawa nakohoa karibu na ukuta. Kwa sauti. Nikasema labda atasikia."

Nilikuwa nasikia siku zote. Kila asubuhi nilikuwa nasikia, nikafunga dirisha.

"Maji yalielekea wapi?" nikauliza, nikasimama.

Moshi ukanionyesha. Mfereji wa maji machafu ulitoka kwenye karo ukaishia kwenye mgomba mmoja mnene, na kwenye chipukizi la mgomba huo, lile jembamba lililojikunja kabla ya kuwa jani, kilikaa kimpira cheusi cha duara.

"Samahani," nikauambia mgomba. "Hicho kimpira ni cha mtungi."

"Ni changu," mgomba ukasema. "Nimechumbiwa."

"Na nani?"

"Na karo. Ananiletea maji kila siku, Jumamosi Kuu akaniletea na pete. Mimi naliita jambo limekamilika."

Nikaona hapa pasipotumika akili hapatatoka kitu. Nikakaa mkao wa kuuza, kama nikiwa sebuleni kwangu. Nikausifu mgomba kwa unene wake. Nikauambia kwamba pete si kitu, kitu ni maji. Mgomba ukasikiliza huku ukipepea.

"Sawa," ukasema. "Nikiivua, unanilipaje? Unanipa mkupuo?"

Jiko langu likanitazama. Bibi Emerensiana akanitazama. Hata bata wa Bi Kidogokidogo walikuwa wamefika, sijui kwa njia gani, wamejipanga kando ya mfereji wananitazama.

"Kidogokidogo," nikasema. "Kila siku nitakuja mwenyewe hapa kwa Bibi, nitaosha vyombo pamoja naye, nitakumwagia maji ya karo. Ndoo moja. Kesho na keshokutwa na siku nyingine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tutakapoacha kula."

Mgomba ukafikiri muda mrefu. Majani yake yakazeeka, yakakauka, yakaota mengine. "Ni malipo ya kudumu," ukasema. "Ukikosa siku moja nitajua."

"Ukikosa nitakohoa," moshi ukadakia.

"Nitajua na mimi," akasema Bibi Emerensiana taratibu, na hiyo ndiyo iliyonigusa.

Chipukizi likainama mpaka usoni kwangu. Nikatoa mkono. Kimpira kikateleza, kikaingia kwenye kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto, kikakaa. Kilikuwa cha baridi. Bi Kidogokidogo, aliyekuwa nyuma yangu wakati wote, akafungua kinywa kutaka kuniaga.

"Kwa," akasema, na nikaamka kabla hajafika mwezi wa pili.

Kumekucha. Niko kitandani kwangu. Sina bati kichwani, sina bata. Baba Otilia amekaa pembeni ya kitanda anavaa soksi.

"Haule akifika tunasema mkupuo, si ndiyo?" ananiuliza. "Niwaite mafundi leoleo."

Nilikuwa natazama mkono wangu wa kushoto. Kwenye kidole kidogo kulikuwa na kimpira cheusi cha duara, kimeshika tope bichi na chembe za majivu. Nikakinusa. Kinanuka gesi.

"Hicho ni nini?" akauliza.

"Mwambie Haule nimechagua ile ya kila mtungi ukijazwa," nikasema.

"Na vyumba vya uani?"

"Vitangoja."

Akanitolea macho, akabaki na soksi moja mkononi. Ng'ambo ya ukuta pepeo la mkaa lilikuwa limeanza kazi, na harufu ilikwishaingia. Kisha Bibi Emerensiana akakohoa. Akakohoa mara mbili, kwa sauti, karibu kabisa na ukuta, halafu akanyamaza kama mtu aliyepiga hodi.

Nikafungua dirisha. Nikakohoa na mimi.

Pepeo likasimama.

"Mama Otilia?" sauti yake ikasema, ndogo, kama haina uhakika. "Unaumwa?"

"Siumwi, Bibi. Shikamoo. Nimekusikia."

Kisha nikasikia kitu kizito cha chuma kikiburutwa sakafuni kwake, taratibu, kikija mlangoni. Nauza mitungi, sauti hiyo naijua.